Baridi ya Nyumba Yenye Tanga

Ukitaka kujua ni nyumba gani haina mwenyewe hapa Mtaa wa Magadi, usigonge mlango. Panda juu ya paa, tazama vioo vyake.

Vyangu nilikuwa navifuta tangu asubuhi, na vumbi lilikuwa linarudi kabla sijafika mwisho wa paa. Zamani vumbi la Dodoma lilikuwa linapita, linakwenda zake. Hili la sasa linakaa, kama shemeji asiyejua kuaga. Nilikuwa na dumu la maji na kipande cha khanga kuukuu, maana kitambaa kigumu kinakwaruza, na kioo kilichokwaruzwa hakifai tena. Usiku mbingu ikiwa safi, vioo hivi vinachukua joto la nyumba vinalitupa juu, huko gizani kusiko na mwisho, na maji ya chumvi yaliyo kisimani chini ya sakafu yanapoa mpaka yanakuwa uji wa barafu. Mchana pampu inauzungusha ubaridi huo ndani ya kuta. Kipupwe kikija unageuza koki, kisima kinatunza joto badala ya baridi, na mtu analala bila blanketi la pili. Lakini kioo kikifunikwa na vumbi hakioni mbingu, na kisima kinaamka asubuhi kikiwa dimbwi tu la maji ya chumvi.

Dhoruba hii ilikuwa imefunika mbingu wiki nzima. Visima vya watu vilikuwa vimeisha. Changu kilikuwa bado, kwa sababu kilichimbwa kirefu na watu wawili wenye nguvu, mmoja wao mke wangu, na kwa sababu nilikuwa nimekikata kutoka kwenye bomba la mtaa.

"Shikamoo, mzee!" Sauti ilitoka chini, ya kike.

"Marahaba. Kama umetoka Mgawo, rudi huko huko."

"Hujaniona hata sura."

"Nimeona kofia."

Alicheka. Alikuwa binti mwembamba, kitambaa amejifunga puani kwa ajili ya vumbi, begi la vifaa begani. Akasema anaitwa Nasra, ni fundi wa Mgawo, shirika linalogawa baridi ya mtaa, na kwamba nyumba yangu ndiyo pekee mtaani ambayo haijaungwa.

"Na haitaungwa," nikasema.

"Mzee wangu, shuka kwanza tuongee. Shingo inaniuma."

"Iache iume. Yangu imeniuma miaka miwili."

Nikashuka hata hivyo. Sikulelewa kuongea na mgeni nikiwa juu ya paa kama nyani.

Akanieleza, nami nikamwacha aeleze, ingawa yote nilikuwa nayajua. Kwamba visima vyote vimeungwa kwa bomba moja. Kwamba Mgawaji, yule wa ndani ya mitambo asiye mtu, anatazama kila chumba, nani yumo, ana joto kiasi gani, kisha anachukua baridi kwa mwenye nayo anampelekea mwenye shida. Kila chumba kina jicho la kuhesabu watu, na kila mdomo wa hewa ukutani una ulimi wa kuonja joto. Kwamba agizo limetoka, kwa sababu ya dhoruba, visima vyote viwe vimefunguliwa kabla jua halijazama. Na kwamba amekuja na jicho jipya la kunifungia.

"Hili jipya linaona mpaka sakafuni," akasema.

Hapo nikaweka dumu chini. Yeye alidhani amenishawishi.

"Binti," nikasema, "unajua kwa nini la zamani lilikuwa halioni sakafuni?"

"Lilikuwa na kasoro kidogo ya..."

"Kwa sababu lilifundishwa na watu wanaolala kitandani. Wakubwa zako. Wao mchana wa joto wanakaa kwenye kiti, chini kuna zulia. Sisi joto likizidi tunatandika khanga kwenye saruji tunalala chini, sakafu inatunyonya lile joto. Mke wangu alilala hivyo. Hapo, ukumbini. Mgawaji akatazama juu ya kitanda, akatazama kwenye kiti, akaona nyumba haina mtu. Akachukua baridi yote akaipeleka kwingine. Mimi nilikuwa kibaruani. Nimerudi, kuta zina joto kama chungu."

Nasra alishusha kile kitambaa cha puani.

"Pole sana, mzee."

"Pole nilishapewa. Waliniletea mfuko wa sukari, na karatasi yenye muhuri inayosema mtambo ulifanya kazi kama ulivyoagizwa."



*

Nyumba hizi za mtaa zimeshikana mbili mbili, ukuta mmoja. Upande wa pili wa ukuta wangu anakaa Atupele, mke wa dereva wa malori, ambaye dhoruba ilikuwa imemkwamisha mumewe njiani. Alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, bado yuko ndani, arobaini haijafika. Mama yake, Bibi Subilaga, alikuwa amekuja kutoka Tukuyu kumlea mzazi. Mwanamke wa milimani, amezoea mvua na ukungu. Tangu aje tulikuwa tunachokozana juu ya ua.

"Ninyi Wagogo mnaishi humu kwa kupenda au mlifungwa?" alikuwa akiniuliza.

"Tulikuja kuwakimbia ninyi na mvua zenu."

Asubuhi ile ile alikuwa amenitania kwamba nafuta paa kama bibi harusi anavyofuta vyombo. Sasa, nikiwa nimesimama na Nasra uani, nilisikia kitu ambacho kilinifanya nigeuze kichwa. Yule mtoto alikuwa amelia tangu kulipokucha. Sauti yake naijua, nina ukuta mmoja naye. Ilikuwa imekauka, ikawa kama mlango unaosaga, kisha ikakoma. Haikukoma kwa kulala. Mtoto akilala kilio kinashuka taratibu. Hiki kilikatika.

Nikaenda mlangoni kwao. "Hodi! Hodi jamani!"

"Hodi ya nini, mwanamume kwenye nyumba ya mzazi?" Bibi Subilaga alijibu, lakini utani haukuwemo.

Nikasikia Atupele kwa ndani: "Mama, mwambie! Mzee, amekataa ziwa! Anawaka, halafu amelegea!"

Mimi sikuweza kuvuka kizingiti kile. Nikamtazama Nasra, naye hakungoja kuambiwa. Aliingia. Joto lililotoka mlangoni lilinipiga usoni kama mtu aliyefunua sufuria.

"Mdomo wa hewa umezibwa!" Nasra alipiga kelele. "Nani ameweka blanketi humu?"

"Mimi," Bibi akasema. "Ule upepo ulikuwa unampiga mtoto kifuani. Ulitaka apate kichomi?"

Nasra alitoka na lile blanketi mkononi, zito, la sufu, la milimani. Lilikuwa baridi kama maji ya mtungi. Akanieleza haraka, huku macho yake yako kwenye kifaa chake. Ulimi wa kuonja joto uko mle mle ndani ya mdomo wa hewa. Baridi ilikuwa inafika, inakwama nyuma ya blanketi, ulimi unaonja baridi. Mgawaji akaona chumba hiki kimeshiba. Akakipunguzia. Akakipunguzia tena. Mwishoni akakifunga kabisa, na jicho jipya linawaona watu watatu waziwazi, lakini linaambiwa wameshiba.

"Mfungulie," nikasema.

"Nimeshaomba. Hawezi kumwamini mtu, anaamini ulimi. Mpaka uonje joto la chumba vizuri, na hata akikubali, bombani hamna kitu. Wote wanalia."

"Changu kipo."

Nasra akanitazama. "Ukifungua koki yako sasa hivi, mzee, baridi yako itapita mbele ya mlango huu isiingie. Itakwenda kwa ambao Mgawaji anawaona wana njaa. Hawa kwake wameshiba."

Bibi Subilaga alikuwa amesimama mlangoni, ameshika miimo ya mlango kwa mikono miwili. Uso wake ulikuwa umekunjamana kabisa. Sikuwa na la kumlaumu. Alikuwa amemfunika mjukuu kama alivyofunikwa yeye na mama yake, na watoto wa kwao walipona kwa kufunikwa.

"Zahanati?" akauliza.

"Gari gani litakwenda kwenye vumbi hili, mama?" Nasra akasema.

"Basi mleteni kwangu," nikasema. "Ni hatua chache. Mfunikeni khanga mbichi, mpite uani. Kwangu kuna baridi."

Hapo ndipo Bibi akatikisa kichwa. Alitikisa polepole, kama mtu anayetamani asingelazimika.

"Baba, kwako kuna tanga."

*

Ni kweli. Watu wote wa Mtaa wa Magadi walikuwa wanajua. Sechelela alizikwa, ndugu wakaja, wakalala, wakala, wakaondoka, na ilipofika siku ya kuanua tanga mimi nilikataa. Mkeka wa msiba nikauacha sebuleni ulivyotandikwa. Nguo zake sikugawa. Niliapa mbele ya shemeji zangu kwamba mkeka ule hautakunjwa mpaka mkubwa mmoja wa Mgawo aje avue viatu, aketi pale, amtaje mke wangu kwa jina. Mashemeji walinibembeleza, wakachoka. Mkubwa hakuja. Mimi nikaishi pembeni ya ule mkeka, nikiuzunguka kwenda jikoni.

"Mama!" Atupele alipaza sauti kutoka ndani. "Mtoto anakufa, wewe unazungumza tanga?"

"Mtoto hana jina bado," Bibi akasema, na sasa alikuwa analia. "Hajatoka nje hata mara moja. Leo nimtoe, nimwingize kwenye nyumba ambayo aliyekufa bado anangojewa? Nimtoe kwenye joto nimkabidhi huko?" Akanigeukia. "Anua, baba. Anua sasa hivi nikuone kwa macho yangu, nami namleta mwenyewe, mikononi mwangu."

Nilikuwa na kitu kimoja tu duniani cha kuwadai wale watu. Sikuwa na wakili, sikusoma, hata ile karatasi yao nilisomewa na mtoto wa jirani. Nilikuwa na mkeka. Nikiukunja, ina maana yamekwisha. Watakuwa wameshinda kwa kukaa kimya tu.

Nikaingia kwangu. Baridi ilinipokea, ile baridi ya chini ya ardhi inayonukia chumvi kidogo. Nikasimama juu ya mkeka nisiweze kuinama.

Nyuma yangu nikasikia viatu vinavuliwa. Nasra alipita ubavuni mwangu na soksi zake zenye vumbi, akaketi mkekani, miguu ameikunja upande kama wanavyoketi wanawake msibani.

"Mimi si mkubwa," akasema. "Hakuna aliyenituma kwa hili, na wakijua watanifokea. Nimtaje nani?"

Nilisema jina. Sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine.

"Sechelela," akasema Nasra. "Mama Sechelela, ulikuwemo ndani. Hatukukuona. Ulikuwemo."

Hakusema maneno ya ofisini, wala mtambo, wala kasoro kidogo. Alikaa tu, machozi yanachora mistari kwenye vumbi la mashavu yake, bila kuyafuta.

Hakuwa yeye niliyemngoja. Nataka hilo lieleweke. Yule niliyemngoja anakaa mahali penye kuta za baridi mpaka leo, na mpaka leo hajaja. Lakini upande wa pili wa ukuta kulikuwa kimya, na mimi kimya cha namna ile nilikuwa nakijua.

"Inuka, binti," nikasema.

Akainuka. Nikaukunja mkeka. Ulikuwa umeshika sakafu, ukaacha alama nyeupe ya umbo lake kwenye saruji. Nikachukua ufagio nikafagia pale, nikaupeleka mkeka nje, nikaukung'uta mara moja mbele ya Bibi Subilaga, nikauegemeza kwenye ua.

"Umeanuliwa," nikasema.

"Mungu amlaze," akasema Bibi. Akageuka, akaingia, akatoka na mjukuu amemfunika khanga iliyolowa, amemkumbatia dhidi ya vumbi, Atupele nyuma yake amejishika tumbo. Wakavuka ua wangu. Mimi nikageuza uso ukutani, kama inavyotakiwa, mpaka wakawa ndani.

*

Mwanamume hakai na mzazi, hata kama nyumba ni yake. Nikaketi barazani kwenye joto, nimeegemea ukuta. Kwa ndani nilisikia maji yanakamuliwa kwenye kitambaa. Nikasikia Bibi anaimba kitu cha kwao, chini chini. Muda ukapita ambao sikuupima. Kisha kikaja kikohozi kidogo, na baada yake kilio, kibichi, cha hasira, cha mtu aliyenyimwa ziwa na sasa analidai.

Niliinamisha kichwa nikacheka peke yangu kama mwendawazimu.

Nasra alitoka, akaketi hatua moja chini yangu. Kifaa chake kilikuwa kinawakawaka taa nyekundu mkononi.

"Nitaandika kwamba nilikuta mlango umefungwa," akasema. "Koki yako sijaiona."

"Asante, mwanangu."

Lakini hakuondoka. Aliendelea kukitazama kile kifaa.

"Sema," nikamwambia.

"Nyumba ya mwisho. Ile yenye geti la bluu."

"Kwa Kolimba, fundi cherehani."

"Jicho jipya linaona mtu amelala sakafuni. Yuko peke yake. Mgawaji anamwombea baridi, ameomba, ameomba, bombani hamna."

Nilimfahamu Kolimba. Ndiye aliyeshona sanda ya mke wangu. Ana pumu.

"Nikifungua itamfikia yeye?"

"Siwezi kukudanganya. Itagawanywa. Atapata yeye na watapata wengine. Wengine labda hawastahili."

"Na huyu mtoto?"

"Kisima chako ukikifunga, chumba hicho kina baridi siku kadhaa. Ukikifungua chote, mpaka jioni tu."

Hilo ndilo wanalolifanya kila siku kule ofisini, basi. Nilikuwa nimewatukana miaka miwili bila kujua kwamba kuna siku nitashikishwa ile koki mimi. Sikuwaonea huruma, hapana. Wao walikuwa na muda wa kufikiri, walikuwa na viti, walikuwa na macho ya kununua. Walichagua la bei rahisi. Mimi nilikuwa na baraza na ukuta.

Nikaenda nyuma ya nyumba kwenye koki. Ilikuwa imeshika kutu, Nasra akanisaidia kwa spana. Nikaifungua robo. Maji ya baridi yakaanza kwenda, bomba likatoa jasho pale pale, matone yakadondoka kwenye vumbi. Mkono wangu mmoja nikauacha kwenye koki. Mwingine nikaubandika kwenye ukuta wa kile chumba, upande wa nje, mahali ambapo ndani yake mtoto alikuwa ananyonya. Ukuta ulikuwa baridi. Nikafungua kidogo zaidi. Nikangoja. Ukuta ukaanza kulainika chini ya kiganja, ile baridi inapungua makali, nikarudisha nyuma. Hivyo, huku na huku. Kama mama anayeonja uji kwa mdomo kabla hajampa mtoto.

"Taa imegeuka njano," Nasra akasema. "Kwa Kolimba."

"Kanyaga ukamwangalie. Usiangalie taa, angalia mtu."

Akajifunga kitambaa chake, akakimbia ndani ya vumbi. Alirudi amekohoa mpaka macho yamevimba, akanyoosha kidole gumba. Akasema Kolimba ameketi, anatukana serikali.

"Basi amepona," nikasema.

Sikuachia koki. Jua lilishuka nyuma ya vumbi likiwa jekundu kama kaa, joto likapungua, na mimi bado nimesimama na mikono miwili imetanuka kati ya bomba na ukuta. Mabega yaliniuma. Nasra alitaka kunipokea, nikakataa; nilikuwa bado simwamini mtu wa Mgawo kwenye koki yangu, hata huyu.

Bibi Subilaga alinikuta hivyo. Alikuwa na bakuli la uji wa ulezi, mvuke unapanda.

"Jiko lako ni aibu," akasema. "Sufuria zina masizi mpaka ndani. Umekuwa unakula nini, mawe?"

"Mtoto?"

"Amelala. Jasho limekauka. Miguu yake nimeishika, ni kama ya mtoto." Akanitazama mikono, akatazama bomba linalotoka jasho. "Acha hiyo sasa, binti atashika. Njoo ule, uji unapoa."

Nikamwachia Nasra. Nilimwonyesha tu mahali pa kuweka kiganja ukutani, naye akaweka.

Tukaingia kwa mlango wa jikoni, mimi na Bibi. Pazia la chumba lilikuwa limeshushwa, na Atupele alikuwa anapumua nyuma yake kwa uzito wa mtu aliyechoka. Mezani kulikuwa na viti vyetu viwili, pale pale vilipokuwa siku zote. Bibi alikuwa na bakuli lake mkononi. Alisimama, hakukaa, anavitazama.

"Baba," akaniuliza kwa sauti ndogo, "marehemu alikuwa anakalia kipi?"

Nilivuta kiti kilichokuwa karibu yangu, nikaketi.

"Kaa popote, mama," nikamwambia.